Kibweta, Dirisha na Kwa Shangazi

Aprili 2, Jumatano

Kiwanda kimesimama leo. Masika yameanza alfajiri kwa kishindo, na wafanyakazi wote tulijibana chini ya bati la mapokezi tukidhani tumeitwa kuambiwa mabadiliko ya zamu. Meneja wetu, Bwana Tahir, alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba waliokuwa nyuma walimtaka arudie, naye akarudia kwa sauti ndogo vilevile. Wanunuzi wa nje wameacha kuchukua pweza. Vyumba vya barafu vimejaa. Makao makuu Dar es Salaam yameamua mashine zizimwe mpaka soko lifunguke. Wa mezani, wa barafu na wa kupakia waende nyumbani hadi watakapoitwa. Wanabaki walinzi, fundi wa jenereta, na mimi, karani.

Nilipaswa kushukuru. Nilitazama viatu vyangu tu. Jirani yetu Furaha, ambaye amesafisha pweza meza ya pili tangu mimi nikiwa bado shuleni, alivua aproni yake akaikunja taratibu kama nguo ya Idi. Akaniuliza kama anaweza kuondoka na buti. Sikujua kanuni inasemaje, nikamwambia nitauliza. Akacheka, akaondoka nazo miguuni.

Aprili 3

Ofisini peke yangu. Nimezima feni nisije nikaonekana natumia umeme bure.

Aprili 8

Mtaa wetu wote ulikuwa ukila kwa kiwanda, kwa hiyo sasa buti nyeupe ziko kila mahali. Ziko mashambani kwenye mihogo, ziko msikitini mlangoni, ziko kwenye matope ya soko la Kilindoni. Aproni za plastiki zimekuwa makoti ya mvua ya watoto. Matano, aliyekuwa wa chumba cha barafu, amegeuza sanduku la samaki kuwa nyumba ya vifaranga. Wanawake wa meza ya kwanza wanakaanga mihogo mbele ya geti lilelile walilokuwa wakiingilia, na wanunuzi wao ni walinzi wawili na mimi.

Nilipopita leo Matano alinisalimia vizuri sana. "Bibi Kalamu, habari za huko kwenye kivuli?" Wote wakacheka. Nilinunua mihogo nisiyoihitaji.

Aprili 11, Ijumaa

Mume wa Furaha, Zubery, ameondoka kwenda dago, kambi ya wavuvi kule Ras Mkumbi, na haijulikani atarudi lini wala na nini. Mtoto wao mkubwa amepelekwa Juani, kisiwa cha jirani, kwa bibi yake, ambako angalau mihogo ipo. Furaha amebaki na mdogo, Mwanahalima, wa miaka mitatu.

Nilirudi kutoka kazini nikakuta chungu cha Furaha jikoni kwetu. Mama amemwambia moto mmoja unatosha nyumba mbili. Mimi ndiye ninayenunua mchele wa nyumba hii, lakini sikuulizwa. Nisingekataa. Ningependa tu kuulizwa.

Chakula kilipoisha mama alikwangua ukoko, akaupaka nazi iliyobaki, akaita, "Mwana, njoo." Niliinuka nusu. Alikuwa akimwita Mwanahalima.

Nina miaka ishirini na minne na nimeandika hapo juu kwamba nimenyimwa ukoko.

Aprili 14, Jumatatu

Bamvua. Maji yalikupwa sana, mwamba ukatoka nje mpaka kule mawimbi yanakovunjikia. Dirisha la ofisi linatazama pwani, na kazi haipo, kwa hiyo niliwaona vizuri. Mama alikuwa ameingiza mkono wake kwapani mwa Furaha, vidole vyao vimeshikana, wakitembea polepole kama bibi harusi na somo yake. Mkononi mwa Furaha kulikuwa na mchokoo wa bibi yangu, mti wake wa kuchokolea pweza.

Niandike jambo hili vizuri ili nisijidanganye. Kwetu mwanamke anayechokoa pweza ana matundu yake. Pweza akitolewa tunduni kwa mti, bila kulivunja jiwe, mwingine huhamia baada ya siku chache, maana nyumba nzuri haikai bila mpangaji. Tundu zuri hulisha watu miaka mingi. Kwa hiyo mwenye nalo halisemi. Mama hurithisha binti, kama anavyorithisha mkufu. Matundu makubwa ya ukoo wetu ni matatu na yana majina aliyoyapa bibi: Kibweta, Dirisha, na Kwa Shangazi. Mama alikuwa akinichukua nilipokuwa mdogo. Nilipofika darasa la nne akaniambia, "Wewe soma. Usije ukazeeka umeinama." Akauza pweza wa matundu yale akanisomesha hadi chuo huko bara. Sasa ninakaa wima, ofisini, na anayeinama na mama yangu ni mtu mwingine.

Walirudi na pweza watano. Mmoja tulikula wa nazi, mmoja Furaha alikwenda kumbadilisha kwa mchele, watatu wakauzwa kwa mama mmoja wa supu. Mama alimpa Furaha kugawa. Mama, ambaye hajawahi kumwacha mtu agawe chakula nyumbani kwake.

Aprili 15

Wamekwenda tena.

Aprili 16

Tena.

Aprili 22

Mvua tangu Jumapili. Ofisi sasa itafunguliwa siku tatu tu kwa wiki. Nilimuuliza Bwana Tahir kama kuna tatizo upande wangu. Akasema, "Tutaangalia, Nusra." Nimelitafakari neno hilo jioni nzima.

Aprili 24

Nikiwa nyumbani mchana nimeona mengi. Furaha ndiye anayechagua mchele siku hizi. Mama anakaa mlangoni penye mwanga, mikono mitupu, anamsimulia, na Furaha anacheka mpaka anashika ubavu. Nilimwomba mama aniache nichague mimi. Akasema, "Pumzika, mwanangu, umechoka na kazi." Kazi gani? Mimi na yeye tunajua kwamba sina kazi ninayoifanya.

Alinimiminia chai ikapita ukingo wa kikombe, ikamwagika mkekani. Mawazo yake yako kwingine. Alikuwa anamsikiliza Furaha akiimba uani.

Aprili 28, Jumatatu

Bamvua. Ofisini. Niliwahesabia hatua kutoka dirishani kama mlinzi wa bandari. Wanazunguka mno. Zamani nilichukia kutembea na mama mwambani kwa sababu hiyohiyo. Alikwenda huku, akainamia jiwe lisilo na kitu, akarudi kule, akapumzika, akaanza upya. Nilidhani huwa anasahau matundu yake. Nilikuwa nikimvuta kanga nikimwambia, "Mama, ni pale."

Naona bado nayakumbuka. Mnara wa simu ukionekana umekaa juu ya tangi la kiwanda, hapo uliposimama ndipo Kibweta kilipo.

Mei 2

Furaha alimwita mama "mama" mbele yangu. Kila mtu mtaani anamwita hivyo, au Bi Bimkubwa. Lakini mdomoni mwake leo neno hilo nililisikia.

Mei 6

Mvua. Mchwa wameingia kwenye kabati la ofisi.

Mei 9, Ijumaa

Nimegombana na Furaha, ikiwa ugomvi wa mtu mmoja unahesabika. Nilimkuta ameketi nje ananoa ncha ya mchokoo wa bibi kwa kipande cha chupa. Nikamwambia ule mti ni wa nyumba yetu na hautakiwi kuchongwa ovyo. Hakuinua uso.

"Mama yako ndiye aliyeniambia ninoe."

"Basi ungeniuliza mimi pia."

"Wewe ungenijibu utauliza ofisini," akasema, akaendelea kunoa. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonichoma.

Baadaye nikajiambia kwamba kiwanda kikifunguliwa atarudi mezani, na mimi nikiendelea kuogopa hivi nitapunguzwa, na hata matundu yatakuwa yamekwenda kwake. Atakuwa na kazi, ana mume, ana watoto, ana mama yangu. Nimeandika sentensi hii mara moja na sitaisoma tena.

Mei 12, Jumatatu

Kuna msiba Juani, upande wa kina Furaha. Mama amesisitiza kwenda naye. Wamevuka asubuhi kwa boti wakati maji yamejaa, watarudi kesho jioni. Bamvua ndiyo hii, na mwamba utakaa bila mtu wetu. Mama alihuzunika kuiacha. Nilimwambia asijali. Sikumwambia nimeamua nini.

Mei 13, Jumanne

Ninaandika mambo kama yalivyofuatana, kwa sababu kichwa changu hakijatulia.

Ofisi leo imefungwa. Nilivaa buti za kiwanda, nikachukua mchokoo nyuma ya mlango, nikashuka pwani maji yalipoanza kukauka. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona. Nusu ya meza ya kwanza na ya pili walikuwepo, na wanaume pia, watu ambao miezi miwili nyuma wasingejishusha kuchokoa, maana wanasema pweza wa mwambani ni kazi ya wanawake. Walikuwa wametawanyika, wanainama, wanainuka, wananitazama. Nilisikia mtu akisema Bibi Kalamu amekuja kukagua.

Sikuwajali. Niliutafuta mnara, nikauweka juu ya tangi, nikaenda. Nilikwenda moja kwa moja, kichwa juu, nikijisemea kwamba nitawaonyesha binti wa Bimkubwa ni nani. Kibweta kilikuwa palepale, na mlangoni magamba ya kaa walioliwa yamepangwa kama vyombo vilivyooshwa, dalili kwamba mpangaji yumo. Nilichokoa vibaya, nikaanguka goti moja, nikaharibu wakati. Lakini pweza alitoka, akajizungusha mkononi mwangu mpaka kiwikoni, nami nikalia kwa furaha kama mjinga. Nikaenda Dirisha moja kwa moja. Nikapata mwingine, mkubwa zaidi. Kwa Shangazi palikuwa patupu, ila niliingiza mti mara kadhaa kuhakikisha.

Nilikuwa ninarudi nilipousikia mlio wa chuma juu ya jiwe.

Matano na mwenzake walikuwa Kibweta, na mikononi mwao nondo. Hawakuchokoa. Walipiga mdomo wa tundu mpaka ukapasuka, wakalifungua kama kopo, kuona kama ndani kuna mwingine. Wanawake wawili walikuwa wameshafika Dirisha. Nilikimbia kwa yale mabuti, nikamwambia Matano kwamba jiwe likivunjwa pweza harudi tena, kwamba lile ni tundu la mama yangu, na yeye Matano analijua.

"Nalijua sasa," akasema. "Mama yako amewazungusha wake zetu mwamba huu miaka kumi na tano, hawajawahi kujua anatoa wapi. Wewe umenichorea ramani asubuhi moja."

Nikamwomba aache. Akasimama wima, nondo begani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa chumvi.

"Mimi nina watoto watatu na vifaranga vimekufa," akasema. "Wewe una mshahara, karani. Umefuata nini huku?"

Nilisimama mpaka walipomaliza na Kwa Shangazi.

Walirudi alasiri, mama na Furaha. Nilikuwa nimewasafisha pweza wote wawili na kuwaweka kwenye sinia, na nilikuwa bado na matumaini, sijui ya nini. Mama aliwapapasa, akauliza wametoka wapi. Nikamwambia. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sijaiona tangu matokeo yangu ya kidato cha sita. Kisha akauliza, taratibu sana:

"Ulizunguka?"

"Kuzunguka wapi, mama?"

Furaha aliweka mzigo chini, akafunika uso kwa kanga.

Mei 14, Jumatano

Nilituma ujumbe ofisini kwamba naumwa. Ni uongo wangu wa kwanza kazini, na sikuuogopa, kwa sababu nilikuwa na la kuogopa zaidi.

Mama alitaka kufika mwenyewe. Tulikwenda watatu, yeye katikati, mkono kwa Furaha kama kawaida. Sikuombwa mkono. Tulipofika Kibweta, Furaha akasema, "Hapa, mama," na mama akapiga magoti majini. Akaingiza vidole kwenye ukingo uliovunjika, akaufuata wote polepole, kama anayempapasa mgonjwa usoni. Jiwe la ndani lilikuwa jeupe, limepasuka wazi, mtu yeyote angeliona toka mbali. Yeye akainua uso, akamuuliza Furaha:

"Juu pamebaki?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na vyote vikaja kwa pamoja, chai, mchele, mlango wenye mwanga.

"Mama, huoni?"

"Naona mwanga," akasema. "Watu nawaona kama nguo kwenye kamba."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani kulikuwa na ukungu. Sasa umetulia."

"Na hukuniambia."

"Ungeogopa, Nusra. Ukiogopa huli, na usipokula hulali, na kesho yake unakosea kazini, na kazi ndiyo hiyo moja." Alikuwa bado ameshika jiwe. "Furaha haogopi."

Furaha alikuwa anatazama bahari. Nilitaka achekelee, nimchukie vizuri. Hakuchekelea. Alikuwa na mwezi mzima wa kuwa macho ya mama yangu, kwa malipo ya nusu chungu, na hakuwa amemwambia mtu. Matundu hayakuwa urithi wake. Yalikuwa chakula cha Mwanahalima. Na mimi ndiye niliyempokonya.

Niandike pia hili, maana ni kweli: hata nikiwa nimesimama pale na aibu yangu, kilichoniuma kuliko tundu lililovunjika ni yale maneno mawili, kwamba Furaha haogopi.

Mei 16

Hakuna anayenilaumu nyumbani. Ingekuwa rahisi kama wangenilaumu.

Mei 20

Nimekwenda hospitali ya wilaya kuuliza. Muuguzi amesema kwa maelezo yangu huenda ni mtoto wa jicho, na madaktari wa macho huja kutoka bara. Safari hii wanatarajiwa mwezi wa nane. Nimemwandikisha mama. Nilipomwambia alisema, "Alhamdulillah, mwezi wa nane si mbali," akageuka kumweleza Furaha kabla sijamaliza.

Mei 28, Jumatano

Bamvua. Ofisini, dirishani. Wamerudi na pweza mmoja, mdogo wa kutia huruma. Mama ana vitundu vingine vidogo visivyo na majina. Sasa tunakula ugali na mchicha nyumba zote mbili, na mara mbili Furaha amesema ameshiba wakati nilimwona hajala. Nikaanza na mimi kusema nimeshiba. Mwanahalima peke yake ndiye aliyenufaika na mashindano yetu.

Juni 1

Mvua inapungua. Usiku kuna baridi ya kusi.

Juni 5, Alhamisi

Soko limefunguka, si lote. Asubuhi Bwana Tahir alisimama getini akasoma majina ya watakaoanza. Furaha alikuwa wa nne. Matano pia yumo. Alipolisikia jina lake alikaa chini kwenye matope na buti zake, kama mtu aliyepigwa. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, huku nikimtazama Furaha, na nilijua kabisa ninachokihisi na hakikuwa furaha kwa ajili yake.

Kisha Bwana Tahir akaniita ndani. Hesabu zote sasa zitafanywa Dar es Salaam. Pweza watapimwa hapa na takwimu zitatumwa kwa simu. Akasema si kosa langu, akasema mara mbili, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea kwa sauti ya kawaida. Nimeogopa jambo hili kila siku tangu Aprili, nikadhani likija nitaanguka. Nilimuuliza kama nimpe funguo yeye au mlinzi.

Kabla ya kutoka niliwasha feni.

Juni 7, Jumamosi

Furaha amekuja na mchokoo. Ameufunga kitambaa safi. Anaanza Jumatatu, na Zubery ameandika kwamba yuko njiani kurudi. Furaha ameanza kupika kwake, ila ameacha chungu kidogo kwetu, akasema asije akaonekana anahama.

Tulisimama mlangoni. Nilitaka kumwomba radhi, nikawa natafuta maneno mazuri, kama kawaida yangu. Yeye akanitangulia.

"Usimshike kiwiko, hapendi. Mshike kiganja. Penye mteremko mwambie kabla, si baada. Na akinyamaza usimuulize kitu, anasikiliza maji."

Alikuwa ananifundisha mama yangu. Nilikunja kidole ndani ya kanga nisiseme neno baya. Nikasema, "Asante, dada." Sijawahi kumwita hivyo. Akaniangalia kama anayesubiri sehemu ya pili, kisha akaenda.

Juni 10

Mama ameniambia tuoshe buti, keshokutwa ni bamvua.

Juni 12, Alhamisi

Bamvua. Anga limetakata tangu asubuhi, na upepo ni mkali.

Nilimshika kiganja. Tulipita mbele ya kiwanda, mashine zinanguruma, na kwenye dirisha la ofisi hapakuwa na mtu anayetutazama. Mama alinipeleka upande wa kusini, tusikokwenda zamani, ambako jiwe ni jeusi na lina makali. Tukazunguka. Tuliinamia mawe yasiyo na kitu. Tukapumzika pasipochosha. Wanawake watatu waliokuwa karibu wakatutazama, wakachoka, wakaenda zao, na mama akatabasamu bila kugeuza kichwa.

Nilipomwambia kuna mteremko nilichelewa, akajigonga ugoko. Damu kidogo ikaingia majini.

Mbele zaidi akanyamaza ghafla, akasimama na mguu mmoja ndani ya maji. Nikakumbuka, sikuuliza. Akanisukuma kidogo kwa bega kuelekea mwamba mdogo uliolala kama ng'ombe.

"Furaha," akasema, "tazama chini yake. Kuna magamba mlangoni?"

Hakujua alichosema. Alikuwa anasikiliza, kichwa kimeinama upande, kiganja chake kimetulia ndani ya changu.

Niliinama mpaka maji yakaloanisha kifua cha gauni langu la ofisini. Ndani palikuwa na giza, na mbele ya giza, vipande vya kaa, vyekundu, bado vina rangi.

"Yapo, mama," nikasema. "Mapya."